Kuku 88 ndani ya friza moja: kilichoharibika Goba

Mteja wa kwanza alilalamika kwa adabu. "Mama, samahani, yule kuku nimemtoa kwenye mfuko ananitolea harufu. Au labda ni friji yangu?" Ilikuwa Jumatatu jioni. Kufikia Jumanne mchana meseji za namna hiyo zilikuwa sita, na adabu ilikuwa imepungua.

Mfugaji mwenyewe ni mama mmoja wa Goba, Dar es Salaam, mstaafu, anayelea broila mia mia kwa mkupuo nyuma ya nyumba yake. Kwa kawaida hachinji. Mchuuzi huja na matenga asubuhi ya wiki ya sita, anahesabu, analipa, anaondoka. Safari hii mchuuzi hakutokea na simu yake ikawa inaita tu. Bandani kulikuwa na kuku 92 wanaokula kilo 15 na ushee kwa siku, yaani mfuko wa kilo 50 wa finisha, chakula cha broila cha wiki za mwisho, unaisha kwa siku tatu. Aliyewahi kufuga broila anaujua mwezi wa aina hiyo: kuku ameshafika uzito, mnunuzi hayupo, na kila asubuhi faida inaingia kwenye vyombo vya chakula. Ijumaa usiku mama akaamua: kesho tunachinja wote, tunaweka kwenye friza, tunauza pole pole.

Uamuzi wenyewe haukuwa wa kijinga. Kuku aliyegandishwa vizuri hali pumba, haumwi, na hauzwi kwa bei ya kubembelezwa. Tatizo lilikuwa neno "wote".

Jumamosi ilikwenda hivi. Kijana wa kuchinja alifika saa moja asubuhi. Wanawake wanne walinyonyoa, wawili wakatoa matumbo, mama akaosha. Kuku wanne wakaondoka na wasaidizi kama sehemu ya malipo, wakabaki 88, wastani wa kilo moja na robo au zaidi kidogo kila mmoja, jumla kama kilo 115 za nyama. Waliooshwa walipangwa kwenye madiaba chini ya mwembe na kufunikwa kwa khanga, kwa kuwa mama alitaka kuwahesabu kwa pamoja kabla ya kufunga. Saa saba mchana wakafungwa kwenye mifuko myembamba, maini na firigisi zikarudishwa tumboni mwa kila kuku kama wateja wanavyopenda, na wote wakaingia kwenye friza ya kulala ya lita 300. Mfuniko ulifungwa kwa kuukalia. Jumapili mchana umeme ukakatika kwa saa kadhaa.

Malalamiko yalipoanza, kila mtu nyumbani alikuwa na mshitakiwa wake. Mama aliishitaki friza, akaita fundi. Fundi akasikiliza mota, akagusa mabomba, akasema, "Mama, gesi ipo, friza yako nzima." Kijana wa kuchinja aliushitaki umeme. Jirani mmoja aliushitaki mchanganyiko wa chakula cha dukani. Niliitwa Jumanne kwa sababu mama ananichukulia kama mtu wa kuku, na jambo la kwanza nililotaka ni kuona kila kuku yuko wapi ndani ya friza, kabla mtu hajawahamisha.

Hapo ndipo kesi ilipofunguka. Kuku waliogusa kuta walikuwa wagumu kama mawe, na mfuko umenata kwenye barafu ya ukuta. Safu ya pili ilikuwa ngumu nje, inabonyea ukiminya. Katikati kabisa, kuku walikuwa laini. Nilichoma kipimajoto cha jikoni kwenye paja la mmoja wao, kwa ndani karibu na mfupa, nikakiacha kitulie. Kilisoma digrii 11. Siku tatu ndani ya friza nzima, yenye gesi, inayofanya kazi. Mgongoni, pale figo zinapobaki zimeng'ang'ania mifupa ya mgongo, rangi ilikuwa imeanza kuelekea kijani, na harufu haikuhitaji kuulizwa.

Kwenye mgongo wa friza kuna kibandiko ambacho watu wengi hawakisomi baada ya siku ya kununua. Hiki kiliandika uwezo wa kugandisha: kilo 15 kwa saa 24. Lita 300 ni nafasi ya kuhifadhi vitu vilivyokwisha kuganda, na kilo 15 ndizo kazi ambayo mota inaweza kuifanya kwa siku. Gawanya 115 kwa 15 unapata zaidi ya siku saba na nusu. Mama aliipa friza kazi ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kisha akaanza kuuza siku ya pili.

Kuku anayechinjwa ana joto la digrii 41 hivi. Kumshusha mpaka 4 ni kazi ya kwanza. Kumgandisha ni kazi nyingine, nayo ni kubwa karibu mara mbili ya ile, kwa sababu maji ya kwenye nyama yanapogeuka barafu hutoa joto jingi huku kipimajoto kikiwa kimesimama palepale karibu na sifuri. Joto lote hilo lazima lisafiri mpaka kwenye kuta, maana kwenye friza za kulala mabomba ya baridi yamezungushwa ndani ya kuta. Kuku wa katikati walikuwa wamefunikwa na kuku wenzao kama wali ndani ya hotpoti. Shirika la Afya Duniani, katika funguo zake tano za chakula salama, linataka chakula kisikae kati ya digrii 5 na 60. Kuku hawa walikaa humo siku tatu. Bakteria wengi wa nyama, wakipata joto la Dar na unyevu, hujigawa mara mbili kila nusu saa au chini yake.

Na umeme? Friza iliyojaa vitu vilivyoganda, isipofunguliwa, hustahimili hata saa 48 bila umeme. Kwa hiyo kukatika kwa saa chache kusingeidhuru friza ya mtu mwingine mtaani. Ya mama ilikuwa bado inahangaika na joto, ikapokonywa nguvu katikati ya kazi, na watu wakawa wanainua mfuniko kila dakika kuangalia kama "wameganda". Umeme ulichangia, lakini haukuanzisha.

Swali lililonishughulisha zaidi ni la mwembe. Kuku wa kwanza walikaa kwenye diaba karibu saa tano. Je, si huko walikoharibikia? Mama alikumbuka vizuri mpangilio: madiaba ya asubuhi ndiyo yaliyomiminwa kwanza, kwa hiyo wale wa mapema walienda chini na pembeni, na waliochinjwa mwisho wakajaza katikati na juu. Basi waliooza zaidi walikuwa wale waliokaa muda mfupi mwembeni, na wale waliokaa muda mrefu, kwa kuwa walibahatika kugusa ukuta, hawakunuka. Hilo linaonyesha kwamba friza ndiyo iliyoamua nani aoze. Halimwachii mwembe huru, hata hivyo. Wakaguzi wa Marekani kwa miaka mingi walitumia kipimo hiki: kuku wa chini ya kilo 1.8 awe ameshuka hadi digrii 4 ndani ya saa nne. Bakteria kama salmonela, wanaoleta kuhara, hawanuki. Kuku wa ukutani alikuwa na sura nzuri na huenda alikuwa amebeba mengi, na kugandisha hakuwaui hao, kunawasimamisha tu.

Kilichokosekana kwenye hadithi yote ni barafu. Maji ya simtank ya mama, saa sita mchana, yalikuwa na joto la digrii 28 au 29. Ukimwosha kuku kwa maji hayo umemtoa damu na mchanga, hujampoza. Kupoza ni kazi ya maji ya barafu, na hesabu yake haitishi: kila kilo ya kuku inahitaji kiasi cha theluthi moja ya kilo ya barafu iyeyuke ili ishuke mpaka digrii 4, ukiacha ile itakayopotea kwa kupoza maji yenyewe na hewa ya Dar. Mimi huwaambia watu waandae kilo kwa kilo, wasijipunje. Barafu hiyo haihitaji mtambo. Chupa za maji za lita moja na nusu, zilizojazwa na kuachiwa nafasi kidogo juu, zikigandishwa wiki nzima kabla ya siku ya kuchinja, zinatosha, na zikishaoshwa nje unazitumbukiza zilivyo. Ukikwama, barafu ya mabonge wanayonunua wachuuzi wa samaki inafaa, ila iwe ndani ya mfuko, kwa sababu hujui imeburuzwa wapi.

Kulikuwa pia na malalamiko mawili ambayo mama aliyaweka kapu moja na uozo, na hayakuwa uozo.

La kwanza ni ugumu. Wateja waliopata kuku wa ukutani walisema nyama inavutika kama ya kuku wa kienyeji mzee, na walikuwa wanamaanisha. Nyama ikishachinjwa hukakamaa, kisha baada ya saa kadhaa inalegea yenyewe. Ukiigandisha kabla haijalegea, unaufungia ukakamavu humo humo, na ukiiyeyusha na kuipika haraka inatafunika vibaya. Dawa yake ni kumlaza kuku usiku mmoja kwenye baridi ya friji ya kawaida kabla hajaingia kwenye friza. Kichekesho cha kisa hiki ni kwamba wale walioganda upesi, ambao ndio waliopona, ndio waliokuwa wagumu.

La pili ni mifupa myeusi. Dada mmoja alituma picha ya paja lililopikwa, mfupa wake na nyama iliyoushika vimekuwa kahawia iliyokolea, akauliza kama kuku alikuwa mgonjwa. Hakuwa. Broila wa wiki sita ana mifupa michanga yenye vitundu, na akigandishwa rangi ya uboho huvuja nje, kisha hukolea jikoni. Haina madhara. Inafaa kumwambia mteja mapema, maana akigundua mwenyewe hakuamini tena.

Jumanne ile tulitenga jumla ya 31 wa kufukiwa. Mabishano yalikuwa juu ya wale wa safu ya pili. Mama alitaka wakaangwe wote usiku huo kwa mafuta mengi, kwamba moto unaua kila kitu. Moto unaua bakteria, ndiyo, lakini baadhi yao, stafilokoka kwa mfano, huacha sumu ambayo haiharibiwi na kukaanga. "Mwanangu, unajua hawa ni shilingi ngapi?" aliniuliza. Nilijua. Wale waliokuwa wanabonyea walienda shimoni na wenzao. Wa ukutani hawakuuzwa tena.

Nilipokaa na wale wanawake wawili wa matumbo, yakatoka mengine ambayo yasingeozesha kuku peke yake lakini yaliongeza bakteria kabla hata ya friza. Vyombo vya chakula vilikuwa vimejaa mpaka alfajiri, kwa huruma: "wasife na njaa." Kuku aliyeshiba ana mfuko wa shingoni uliovimba na utumbo uliojaa, na kisu kikiteleza kidogo tu, pumba na kinyesi vinamwagika kwenye nyama. Ondoa chakula saa 8 hadi 12 kabla, acha maji. Usipitilize, maana kuku aliyefunga kupita kiasi utumbo wake huwa mwepesi na hupasuka vilevile. Nyongo zilipasuka kadhaa. Doa la nyongo ni kijani kibichi, chungu, halinuki, linakatwa na kutupwa. Wengine walilichanganya na ule ukijani wa mgongoni, ambao ni habari nyingine kabisa. Na maji ya beseni la kuoshea yalibadilishwa mara chache mno. Beseni lenye maji ya rangi ya waridi linamgawia kuku wa hamsini alichokuja nacho wa kwanza.

Maji ya kunyonyolea nayo yalikuwa yakichemka kabisa mwanzoni. Wa kwanza kwanza ngozi ilichubuka na kidari kikawa cheupe kama kilichopikwa, kisha maji yakapoa na waliofuata wakabaki na vijinyoya. Joto linalotakiwa ni digrii 60 na kitu, kwa dakika moja hivi. Asiye na kipimajoto anaweza kuchanganya kipimo kwa kipimo: ndoo moja ya maji yanayochemka na ndoo moja ya maji ya bomba. Kwa maji yetu ya pwani utapata kama 64. Mzungushe kuku humo, uvute manyoya makubwa ya bawa. Yakiachia bila kubishana, mtoe. Na asitumbukizwe mpaka ametulia kabisa na damu imekwisha kutoka, jambo ambalo kijana wa kuchinja, kwa sifa yake, alilisimamia bila mzaha.

Lililonitia wasiwasi kuliko yote halikuulizwa na mteja yeyote. Nilipotaka kuona daftari la banda, nikakuta kwamba siku chache kabla ya kuchinja kuku walikuwa wamepewa dawa ya mafua kwenye maji. Kila antibayotiki ya mifugo ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, na ndani ya siku hizo nyama haitakiwi kuliwa. Mama alikuwa ameandika tarehe aliyoanza dawa, kwa mwandiko safi, na hakuandika aliyomaliza. Friza haiondoi dawa. Mchuuzi wa matenga angewachukua vilevile na nadhani hata asingeuliza, na hilo ni jambo la kuandikia siku nyingine.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo ndiyo ilimshawishi mama, maana habari za bakteria hazikumgusa sana. Hofu yake ya kuchinja kidogo kidogo ilikuwa chakula: wakati wachache wanachinjwa, waliobaki wanaendelea kula. Tuliketi na karatasi. Ukianza na 92 na kuchinja 12 kila jioni, kesho yake wanakula 80, keshokutwa 68, kisha 56, 44, 32, 20, na 8. Jumlisha: ni sawa na kumlisha kuku mmoja kwa siku 308. Kwa gramu 170 kila siku, ni kilo 52. Mfuko mmoja wa finisha na vikombe vichache juu yake, na kwa siku hizo wanaongezeka uzito. Bei ya mfuko huo haifiki nusu ya thamani ya kuku 31 tuliowafukia. Mama aliirudia hesabu mwenyewe kwa kalamu yake, akanyamaza kidogo, kisha akauliza wanaouza chupa tupu za maji wanapatikana wapi.

Kuku 12 ni kilo 15 na kitu, ndicho kiasi cha friza yake. Mwenye friza ndogo atachinja sita. Mkupuo uliofuata ulikwenda kwa ratiba hiyo: chakula kinaondolewa asubuhi, kuchinja saa kumi na moja jioni jua likiwa limelegea, kuku kwenye diaba la barafu mpaka kipimajoto kwenye kidari kinasoma 4, kuning'inizwa robo saa wachuruzike, kisha usiku kucha kwenye friji ya kawaida. Kesho yake wanafungwa na kuegemezwa kwenye kuta za friza kwa safu moja, na keshokutwa, wakiwa mawe, wanasogezwa katikati kupisha wageni. Maini na firigisi zina mifuko yao, kwa sababu hudumu miezi mitatu au minne tu, ilhali kuku mzima kwenye digrii 18 chini ya sifuri anaweza kukaa hata mwaka. Kwa umeme wetu mimi nisingempa zaidi ya miezi minne.

Kuhusu kufunga, ile mifuko myembamba ilikuwa na hewa tele, na hewa ndiyo inayokausha nyama ikaota mabaka meupe makavu. Tafuta mifuko mizito ya chakula. Mtie kuku miguu ikiwa juu, uushushe mfuko taratibu ndani ya ndoo ya maji huku mdomo umeushika nje. Maji yanaubana mfuko unashikamana na kuku mpaka unaona umbo la bawa, hewa inatoka kwa juu, unasokota na kufunga hapo hapo. Andika tarehe kwenye karatasi ya gundi kabla ya kuganda, maana kalamu haikamati kwenye barafu.

Kinachomsumbua sasa ni wafanyakazi. Wanawake wa kunyonyoa walizoea siku moja ya kazi kubwa yenye chai na malipo ya maana, na hakuna anayetaka kutoka Mbezi kila jioni kwa ajili ya kuku 12. Amejaribu kumlipa binti mmoja wa mtaani kwa kuku, na binti anataka alipwe kwa siku. Wanaendelea kuelewana. Wakati huo huo amepunguza vifaranga kutoka 100 hadi 60 kwa mkupuo, na mchuuzi wa matenga ameanza tena kupiga simu.